Kiti Kisichotakiwa Kulowa

Kwanza nijitambulishe, maana watu wa kwetu hupenda kumpunguza mtu. Mimi sikusomeshwa na yeyote. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Nilifyatua matofali Chinongwe, nikauza mayai ya kuchemsha stendi ya Ruangwa, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli, nikaurudia, nikafaulu. Nikapanda basi kwenda Kilimanjaro, ambako sikuwa na hata ndugu wa kunipa kikombe cha chai, na miaka mitatu baadaye nikatoka na stashahada ya tiba kwa vitendo. Nikafanya kazi Dar es Salaam mpaka nikaichoka, nikarudi. Cheti kiko sebuleni kwangu Nachingwea, kwenye fremu ya kioo, na mgeni anayekaa kochi la kulia hawezi kukikwepa.

Watu huniuliza tiba kwa vitendo ni dawa gani. Si dawa. Ni kumsaidia mtu aweze kufanya yale yanayoijaza siku yake: kula, kuvaa, kucheza, kushika kazi ya nyumbani. Mtoto mwenye ulemavu humwanzii kwenye miguu isiyonyooka. Unamwanzia kwenye kile anachokiweza, na unakaa na watu wa nyumbani kwake kama wenzako, kwa sababu wao ndio wanaomjua. Somo hilo nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Nalisema mapema, ili msomaji akifika mbele asidhani kwamba sikufundishwa.

Na nilikuwa na jambo langu moja ambalo hakuna mwingine kanda yetu aliyeliweza kama mimi: viti vya makaratasi. Unachukua maboksi ya katoni, unayapanga tabaka juu ya tabaka, unagandisha kwa uji wa wanga wa muhogo, unafunika kwa magazeti yaliyochanwa, unakausha wiki nzima, unapaka rangi. Kinatoka kiti chepesi chenye mgongo, mikono, mahali pa kuegemeza miguu na mkanda wa kiunoni, kwa kipimo cha mtoto mmoja tu. Nilikuwa nasimama juu ya kiti kipya kwa miguu yote miwili mbele ya wauguzi ili waone hakibonyei. Kina adui mmoja tu, maji. Kikilowa kinarudi kuwa uji.

Mtoto ninayetaka kumweleza alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, kijiji kimoja mbele ya Mbekenyera. Alikuwa na mtindio wa ubongo. Mkono wa kushoto umekunjika ngumi, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, maneno yanatoka polepole lakini yanatoka, na yakitoka yana makali. Nyumbani kulikuwa na mama yake, bibi yake mzaa mama, na mjomba wake. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo ukitaka jambo lifanyike unazungumza na mjomba.

Nilifika mara ya kwanza mwezi wa tisa, wakati mabibo yanaanza kuanguka. Nilizima pikipiki, nikavua helmeti, na jambo la kwanza nililoliona ni mtoto aliyefukiwa. Pembeni mwa jiko la nje palikuwa na shimo, na yule binti alikuwa ndani yake, ardhi imemfika kiunoni, gunia limemzunguka.

Sikuamkia mtu. Nilisema, "Nani kamzika huyu mtoto?"

Bibi alikuwa anachochea moto. Alinitazama kuanzia viatu. "Wewe ni mjukuu wa nani usiyejua kusalimia?"

"Shikamoo bibi. Nani kamzika huyu mtoto?"

"Marahaba, mume wangu. Aliyezikwa anachambua mbaazi?"

Kweli alikuwa anachambua. Ungo uko mbele yake chini, ngumi ya kushoto imeugandamiza ukingo usisogee, mkono wa kulia unaokota punje mbovu na kuzitupa pembeni. Niliona yote hayo kwa macho yangu mawili. Nikaona shimo tu.

Nilitoa fomu. Fomu yetu ya tathmini ilikuwa na ukurasa mzima wa mambo ambayo mtoto hawezi, na chini kabisa mstari mmoja wa uwezo wake. Ukurasa wa kwanza niliujaza mpaka pembeni. Kwenye mstari wa chini niliandika: anatabasamu.

Mama yake alisimama karibu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Daktari, huyu ndiye jicho letu kwenye korosho. Akizipitia yeye, ghalani hawarudishi hata gunia."

"Vizuri mama," nilisema, na kuendelea kumpima nyonga kwa futi kamba.

Bibi alitaka kunieleza habari za lile shimo. Alikuwa amelichimba binti alipokuwa wa miaka mitatu, hawezi kukaa, akiwekwa anaanguka upande. Kila mwaka alikuwa analipanua kadiri anavyokua. Nilimkatiza. Nilimweleza kuhusu vidonda, wadudu, baridi ya ardhi, heshima ya mtoto. Nilizungumza vizuri sana siku ile, hata mwenyewe nilijisikia. Mjomba alikuja kutoka shambani, akanisikiliza akiwa amesimama, kisha akachukua jembe akalifukia shimo pale pale, mimi nikiangalia, binti naye akiangalia akiwa amelazwa kwenye mkeka. Hakulia. Alimwangalia mjomba wake mpaka udongo ukasawazishwa.

Wiki tatu baadaye nilileta kiti, nimekifunga nyuma ya pikipiki kama bwana harusi. Kiti kizuri. Nilikipaka rangi ya bluu. Tulimkalisha, nikafunga mkanda, akakaa wima kama mwanafunzi wa darasani, na majirani waliokuja kutazama wakapiga vigelegele. Nikatoa maelekezo yangu. Akae kwenye kiti kila siku. Mkanda usilegezwe, maana nyonga zinatakiwa kukaa sawa. Asikae chini tena kwa ile miguu ya mkasi. Na kiti kisipate maji, si mvua, si umande, si maji ya kudekia.

Mjomba aliyarudia yote manne kwa kidole, kama mtu anayekula kiapo. Nilifurahi. Ni mara chache familia inakusikiliza hivyo.

Niliandika ripoti. Mkuu wangu wa kazi aliisoma, akasema baada ya mwaka mpya ataleta wageni waone kazi yangu, wapige picha. Nikampelekea mjomba taarifa, naye akakiambia kijiji kizima.

Nilirudi mwezi wa kumi na mbili. Mvua zilikuwa zimeanza kwa hasira. Kabla ya kijiji kuna korongo lenye kivuko cha magogo, na nilipovuka maji yalikuwa yanalamba magogo kwa chini. Nilipogeuka nikiwa ng'ambo niliona gogo la kwanza likizunguka. Baadaye jioni ile ile walikuja kuniambia kivuko chote kimeondoka. Nilikuwa nimepanga kukaa saa moja. Nilikaa siku nne.

Walinipokea vizuri. Mama alinipeleka chumba cha ndani kabisa, kile kisicho na ukuta wa nje isipokuwa upande mmoja, chenye dirisha la ukubwa wa daftari. Pale kwenye nusu giza alikuwa binti, kwenye kiti changu cha bluu, mkanda umefungwa, mgongo wima.

"Anakaa, daktari," mama alisema. "Kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hatujaacha hata siku moja."

Nisifiche. Nilifurahi. Rangi haikubanduka hata kidogo. Nilipiga picha kwa simu na kumwambia binti, "Umependeza." Hakujibu. Nikadhani ni haya.

Siku ya kwanza mtu aliyezuiliwa na mvua anakuwa mgeni. Siku ya pili anakuwa mzigo, na anaanza kuona. Nilikaa kwenye chumba cha mbele na mvua imefunga mlango. Mtandao hakuna. Kando yangu yalipangwa magunia matano ya korosho, na nilipouliza mbona hayajaenda ghalani, mama akasema yalikwenda yakarudishwa. Yamechanganyika mbovu na nzima, mengine yamenyeshewa. Bibi ndiye aliyeyachambua, na macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu.

"Na wewe mama?"

"Mimi niko naye ndani. Sijafika shambani tangu kiti kije. Zamani nilimpakia baiskeli, lakini kiti hakipandi baiskeli, kikipanda kitanyeshewa, na wewe ulisema asikae pengine."

Alisema bila lawama. Ningependa angelaumu.

Halafu kulikuwa na ile sauti. Ilikuwa hivi: ko, ko, ko, kimya, ko, ko. Ilitoka chumba cha ndani mchana kutwa. Nilidhani ni maji yanadondokea sufuria. Saa tano nilishindwa kuvumilia.

"Hiyo nini?"

"Kisigino chake," mama alisema. "Anapiga pale pa kuwekea miguu."

"Anajikakamaza?"

"Anaita."

"Anamwita nani?"

"Yeyote anayepita."

Niliingia ndani. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamwangalia kwa mara ya kwanza bila fomu. Chumba kilikuwa na joto la bati na harufu ya gunia. Kutoka kwenye kile kiti, kwa ule urefu nilioupima mwenyewe, dirisha lilikuwa juu ya macho yake. Alichoweza kuona ni ukuta.

"Unataka nini?" nilimuuliza.

Ilichukua muda. Midomo yake ilitafuta neno, ikalishika. "Chini."

Nilifungua mkanda. Pale ulipopita kiunoni palikuwa na mstari mwekundu, na upande mmoja ngozi imeanza kulainika, ile hatua ya mwisho kabla ya kidonda. Nilimnyanyua nikamweka kwenye mkeka, nikashika magoti kuyafungua. Hayakufunguka. Mwezi wa tisa yalikuwa yanafunguka kwa shida, lakini yanafunguka, nilikuwa nimeandika vipimo. Sasa nyonga zilikuwa zimefunga kama lango. Mtoto aliyekuwa akijisukuma kwa mkono wa kulia mpaka jikoni, mpaka chini ya mkorosho, akirudi na udongo makalioni, alikuwa amelala pale ananiangalia na hawezi hata kugeuka ubavu.

Nilijua hesabu yake. Miezi miwili mingine ya namna ile na zile nyonga hazitafunguka kwa mikono ya mtu yeyote, hata yangu. Angebaki kwenye kiti, maisha yake yote.

"Umenifungia," alisema.

Nilitoka nikiwa na hasira, na hasira yangu niliitupia familia. Mjomba alikuwa upenuni anakung'uta koti.

"Nani amewaambia akae siku nzima? Mtoto anatakiwa kukaa muda mfupi, anashushwa, ananyooshwa!"

Mjomba hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole kimoja. "Ulisema, akae kwenye kiti kila siku." Cha pili. "Mkanda usilegezwe." Cha tatu. "Asikae chini tena." Cha nne alikiacha hewani, juu ya mvua. "Na kisipate maji. Sasa daktari, nyumba hii inavuja kila mahali isipokuwa chumba kile. Ungemweka wapi?"

 Bibi, aliyekuwa akimenya muhogo nyuma yetu, akajibu kwa niaba yangu. "Mwacheni mume wangu. Amesoma mbali, njiani yakamdondoka."

Nilichukua koti nikaenda korongoni kuangalia kama naweza kuvuka. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mgomba mzima na mizizi yake. Nilisimama pale mpaka viatu vikajaa. Nilikuwa nafikiria nini? Nisijitie utakatifu, nilikuwa nafikiria wageni. Ripoti yangu ilisema mtoto anakaa wima kila siku, na niliandika hivyo kama sifa. Mkuu wangu alikuwa ameisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Nikikitoa kile kiti, wageni wataona nini? Nikikiacha, wataona kiti kizuri cha bluu na mtoto ndani yake, watapiga picha, na hakuna hata mmoja atakayefungua mkanda. Hilo ndilo lililonitisha. Kwamba ningeweza kabisa kukaa kimya na hakuna ambaye angejua. Yeye tu, na hata yeye ilimchukua dakika nzima kutamka neno moja.

Nilirudi kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

Usiku ule sikula vizuri. Kulipokucha sauti ilianza tena, ko, ko, maana mama alikuwa amemrudisha kwenye kiti. Daktari hakusema kitu, kwa hiyo maelekezo yalikuwa bado ni yale. Nilijaribu kwanza njia ya kuokoa uso. Nilimwambia mjomba tukibebe kiti mpaka upenuni, tukifunike kwa turubai. Alikataa katakata. Upepo ulikuwa unarusha mvua mpaka mlangoni, na siku nilipokileta kiti yeye ndiye aliyekisainia.

Nikaenda jikoni kwa bibi.

"Bibi, naomba jembe."

"La nini? Unataka kujizika?"

"Nataka unionyeshe lile shimo lilikuwaje."

Aliacha kumenya. "Lipi? Lile la wadudu?"

"Lile."

"Lile la baridi ya ardhi? Lile la kumvunjia mtoto heshima?" Alikuwa ameyashika yote. "Mwanaume wewe, sema unachotaka, mvua inaingia mdomoni."

"Nataka nilichimbe upya. Nilikosea."

Neno hilo sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu yeyote tangu nitoke Chinongwe na ndoo ya mayai. Halikuwa limetosha, kwa sababu mjomba alikuwa ndani na hakulisikia, na bila mjomba hakuna jembe ambalo lingeinuliwa katika nyumba ile. Ilibidi niingie, nikae chini kwenye mkeka mbele yake, nilirudie. Nikamwambia kiti kimemfunga nyonga. Nikamwambia mimi ndiye niliyekosea, siyo wao, wao walifanya nilichosema.

Mjomba alikuna kidevu. "Wageni nitawaonyesha nini? Mwenyekiti wa kijiji ameshatenga jogoo."

"Waonyeshe shimo."

"Wewe ulisema ni kumzika. Majirani walisikia. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Usije ukaniachia hilo shimo peke yangu."

"Nitakuwepo, mjomba."

Tulilichimba upenuni, karibu na jiko, upande ambao upepo haurushi mvua sana. Nasema tulilichimba, nilichimba mimi. Mjomba alikaa juu ya kinu akinitazama, na nadhani hakupata burudani kama ile mwaka mzima. Udongo wa juu ulikuwa laini, chini ni mfinyanzi unaonata kwenye jembe. Bibi alikuja na kijiti chenye alama ya kisu, kipimo cha mwaka uliopita, akakisimamisha shimoni.

"Bado kiganja. Mbele hapa uteremke, miguu inyooke. Unachimba kama unapanda migomba."

Binti alikuwa amelazwa kwenye mkeka mlangoni, kichwa kwenye paja la mama yake. Nilikuwa nimefika magotini kwa kina aliposema kitu. Sikukielewa. Mama akainama.

"Anasema siyo hapo."

"Siyo hapo nini?"

Binti alikusanya nguvu. "Huko. Naona njia."

Kutoka pale nilipochimba nguzo ilikuwa inaziba njia ya kijiji. Sehemu aliyoitaka ilikuwa hatua mbili kushoto. Hatua mbili za mfinyanzi.

"Mfukie tu hapo hapo," bibi alisema, "ameshachoka msomi wetu."

Nililifukia la kwanza nikaanza la pili.

Na hapa mniruhusu nijisifu, kwa sababu ninastahili. Shimo la bibi lilikuwa zuri, langu likawa zuri zaidi. Nililiwekea gunia lililojazwa pumba chini na nyuma ya mgongo, ili ngozi isiumie. Katikati, kati ya mapaja, niliacha kilima kidogo cha udongo, nikakisawazisha kwa kitambaa, ili miguu isipishane. Upande wa kulia nilichonga ngazi moja, pana, ya kuwekea kiganja, ajisukume atoke mwenyewe asimngoje mtu. Bibi aliipapasa ile ngazi kwa mikono yake miwili, maana kwa macho hakuiona vizuri.

"Hii sikuwa nayo," alisema. Kwangu hiyo ni sawa na cheti.

Tulimwingiza. Alipiga kelele. Nyonga zilikataa, magoti yakaruka juu, na mama yake akaniangalia kwa macho ambayo sitayaeleza. Nilitia mikono kwenye udongo, nikamshika mapaja, nikangoja. Huvuti. Unangoja misuli ichoke kukataa. Baada ya muda magoti yalishuka kidogo, si sana. Alikaa muda wa chungu cha ugali kuiva, kisha akasema basi, tukamtoa. Alikuwa amelowa jasho. Nilikuwa na hofu kwamba nimechelewa.

Jioni tulimwingiza tena. Siku ya nne mara tatu. Mara ya tatu hakupiga kelele, na mama yake, bila kuulizwa na mtu, akaleta ungo akamwagia korosho kutoka gunia la kwanza.

Ngumi ya kushoto ilikaa ukingoni. Mkono wa kulia ulizunguka juu ya korosho bila kugusa, kama mtu anayechagua pa kuanzia, kisha ukaanza. Mbovu nyuma, nzima mbele, na zile zilizonyeshewa akazitenga kando, za kukaushwa. Alizijua kwa rangi, na zingine kwa kuzibinya. Nilijaribu nami, nikaokota moja nikaiweka kwa nzima. Aliitoa pale pale, akaitupa kwenye kiatu changu.

"Mbovu."

"Hii? Mbona nzuri?"

"Mbovu."

Niliigonga kwa jiwe. Ndani ilikuwa nyeusi.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mume wangu, wewe shika makaratasi."

Maji yalishuka siku ile. Kabla sijaondoka nilitoa fomu mpya. Mstari wa uwezo wa mtoto haukutosha hata maneno matatu, nikageuza karatasi nikaandika upande wa nyuma, mama yake akisema na mimi nikiandika, mpaka chini. Kiti tulikiacha chumba cha ndani. Tulikubaliana muda mfupi kila siku, wakati wa kula tu, mkanda haufungwi.

Wageni walikuja mwezi wa kwanza, kwa gari mbili, wakiwa na kamera. Nilikuwa nimefika tangu asubuhi na pikipiki, kama nilivyoahidi. Mjomba alivaa kanzu. Mwenyekiti alikuwepo, jogoo alikuwepo, majirani wote walewale waliopiga vigelegele walisimama kwenye uzio. Binti alikuwa upenuni, ardhi imemfika kiunoni, ungo mbele yake, njia yote ya kijiji mbele ya macho yake. Aliwaona wa kwanza.

Mkuu wangu alishuka, akanyoosha suti, akatafuta kiti cha bluu kwa macho. Hakukiona. Akaona shimo. Uso wake ulibadilika kama wangu ulivyobadilika mwezi wa tisa, na nilijua maneno yatakayotoka kabla hayajatoka.

"Nani kamzika huyu mtoto?"

 Mjomba alinitazama. Nilisogea nikasimama kando ya shimo.

"Mimi," nilisema. "Mwanzo bibi yake, kisha mimi. Ngazi ile ya pembeni ni kazi yangu."

Mkuu alifungua mdomo. Kabla hajasema, binti aliacha korosho. Aliweka kiganja cha kulia kwenye ngazi, akasukuma, akapumzika, akasukuma. Ilichukua muda mrefu sana, na hakuna aliyethubutu kumsaidia, maana bibi alikuwa amenyoosha mwiko wake kama askari anayezuia magari. Binti alitoka mpaka makalio yakakaa ukingoni, miguu bado shimoni, magoti yameachana kiganja kimoja. Hapo akahema, akamwangalia mkuu wangu.

"Nimechimba mawili," nilimwambia mkuu. "La kwanza lilikuwa mahali pabaya. Hili amelichagua mwenyewe."